Brotato: Ranger wangu anafia wimbi la 14 kila mara. Nitangulize sifa ipi?

Mwana wa Pangani aliandika:

Habari zenu, wanajamvi. Ninaomba ushauri kuhusu gemu ya Brotato, ile ya kiazi kinachopambana na viumbe wa sayari nyingine kwa mawimbi 20. Kwa wiki tatu sasa ninamchezesha Ranger, mhusika wa silaha za mbali, kwenye Kiwango cha Hatari 3 (yaani kiwango cha ugumu), na kila mara ninafia kati ya wimbi la 13 na la 15. Mwanzo wangu huwa mzuri, mawimbi kumi ya kwanza ninayapita bila shida kubwa, kisha ghafla adui hawafi tena kwa wakati na mimi ninakufa kwa mapigo mawili au matatu.

Nilipokufa jana katika wimbi la 14 niliandika sifa zangu: uhai 22, madhara ya silaha za mbali 9, asilimia ya madhara 35, kasi ya kupiga 6, deraya 0, kukwepa 12, umbali wa kufikia 140, bahati 30 na mavuno 18. Nilikuwa na bastola tatu, SMG (bunduki ndogo za rashasha) mbili na bunduki moja ya marisau. Mavuno, yaani sifa inayokulipa malighafi (fedha ya gemu) kila wimbi linapokwisha, nilianza kuyanunua baada ya wimbi la 10, kwa sababu fedha zilikuwa zimeanza kunipungukia dukani.

Naomba kujua sifa ipi itangulie na ipi niiache kabisa. Aidha, naomba mnieleze mnavyoamua kununua kifaa ambacho kinaongeza jambo moja na kupunguza jingine, maana hapo ndipo ninaposita zaidi.

Fundi Saa alijibu:

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuandika tarakimu, kwa sababu zinaonyesha tatizo waziwazi. Umegawanya nguvu zako katika sifa tisa, na hakuna hata moja iliyofika mahali pa kukubeba.

Tuanze na madhara. Gemu hii huchukua madhara ya msingi ya silaha, huongeza kwanza madhara ya silaha za mbali, na baada ya hapo ndipo huzidisha kwa asilimia. Bastola ya daraja la kwanza ina madhara 12 ya msingi, kwa hiyo kwa sifa zako risasi moja ilikuwa na madhara 28 hivi: 12 kujumlisha 9, kisha ongezeko la asilimia 35. Sasa chukua nafasi nne za kuongeza sifa unapopanda ngazi. Ukizitumia zote kwenye asilimia, tano kwa kila nafasi, utapata madhara kama 33. Ukizitumia zote kwenye madhara ya silaha za mbali, moja kwa kila nafasi, utapata kama 36, kwa sababu Ranger huongezewa nusu nzima juu ya kila pointi ya sifa hiyo, na nne zako zinahesabiwa kuwa sita. Hiyo ndiyo zawadi kubwa ya mhusika huyu, nawe ulikuwa unaiacha mezani.

Hali hiyo haidumu milele. Madhara ya silaha za mbali yakikaribia 30, asilimia tano huanza kulingana na pointi moja, na bastola ikipanda daraja usawa huo hufika mapema zaidi, kwa kuwa madhara yake ya msingi nayo huwa yamekua. Kwa hiyo jenga msingi kwanza, kisha ndipo ufuate asilimia na kasi ya kupiga.

Umbali wa kufikia uache kabisa. Ranger huanza na 50 za ziada, na kubeba bunduki nyingi za kundi moja kunaongeza umbali pia, hivyo kila malighafi uliyotoa ili kufika 140 ingekufaa zaidi kwingine.

Neno la mwisho ni kuhusu silaha. Chagua aina moja, bastola au SMG, na ushikamane nayo, kwa kuwa silaha mbili za aina moja na daraja moja huunganishwa kuwa moja ya daraja la juu. Mchanganyiko wako ulikuwa unaifunga njia hiyo kwa mkono wako mwenyewe.

Binti Makunduchi alijibu:

Ninakubaliana na Fundi Saa kuhusu madhara, lakini naona ameruka jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalokuua: deraya 0 katika wimbi la 14.

Deraya 5 hupunguza kila pigo kwa asilimia 25, deraya 10 kwa asilimia 40, na deraya 15 kwa asilimia 50. Watu wengi wakiona asilimia inapanda polepole hudhani kwamba pointi za baadaye hazina faida, na hapo wanakosea. Kwa uhai wako wa 22, deraya 5 inakufanya uwe kama mtu mwenye uhai 29, na deraya 10 kama mwenye uhai 37 hivi, yaani kila pointi inakuongezea sehemu ileile moja ya kumi na tano ya uhai ulio nao. Kwa Ranger jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu yeye hupokea robo tatu tu ya uhai wowote anaoongezewa, ilhali deraya huipokea yote.

Kukwepa kuna kikomo cha asilimia 60 kwa wahusika wa kawaida, na 12 ulizokuwa nazo ni bahati nasibu tupu. Ama ujenge kwa dhati, ama uache. Kunyonya uhai nako kunafaa ukichagua SMG, kwa kuwa kila pigo linalompata adui lina nafasi ndogo ya kukurudishia uhai mmoja, na silaha inayopiga mara nyingi hupata nafasi nyingi.

Kuhusu vifaa vyenye faida na hasara, mimi hujiuliza swali moja: je, kinachopunguzwa ni kitu ninachokitegemea leo? Coffee huongeza kasi ya kupiga kwa asilimia 10 na kupunguza madhara kwa asilimia 2. Kwa mwenye kasi 6 kama wewe, hiyo ninainunua bila kusita. Glass Cannon huongeza madhara kwa asilimia 25 lakini huondoa deraya 3, na kwa mtu asiye na deraya kabisa, kila pigo litamwingia kwa nguvu kuliko kawaida. Kumbuka kwamba silaha unaweza kuiuza tena kwa sehemu ya bei yake, lakini kifaa ukishakinunua dukani hakirudi.

Mvuvi wa Usiku alijibu:

Ninaongeza kuhusu mavuno tu. Mavuno 10 ukiyapata kabla ya wimbi la 3 yatakulipa mara 17 kabla ya duka la mwisho, yaani malighafi 170 hata kabla ya kuhesabu ongezeko la asilimia 5 linaloingia kila wimbi linapokwisha. Ukiyanunua kabla ya wimbi la 14 yatakulipa mara sita tu. Ulinunua mbegu wakati wa kuvuna. Mimi huyatafuta katika mawimbi matano ya kwanza, na baada ya la 8 siyagusi tena. Kuhusu bahati, ambayo huleta makasha zaidi na vifaa vya daraja la juu, nayo nina msimamo huohuo: mapema ni mtaji, baadaye ni mzigo.

Fundi Saa alijibu:

Mvuvi wa Usiku, hapo kwenye mavuno ninatofautiana nawe kidogo. Kwenye Hatari 3 wababe, yaani adui wakubwa wenye nguvu, wanaweza kutokea katika wimbi la 11 au la 12, na mchezaji aliyetumia mawimbi matano kukusanya mavuno peke yake huwakuta akiwa na bastola za daraja la kwanza. Ningemshauri ndugu yetu achukue mavuno yakijitokeza kwa bei nafuu, lakini asiyatafute kwa kulipia kubadilisha bidhaa za duka.

Mwana wa Pangani aliandika:

Wanajamvi, nimerudi baada ya siku nne. Nilishika bastola peke yake, nikaacha umbali kabisa, na mavuno niliyachukua mara mbili tu mwanzoni. Majaribio mawili ya kwanza nilikufa wimbi la 16 na la 18. Jana usiku niliingia wimbi la 20 nikiwa na madhara ya silaha za mbali 31, deraya 9 na uhai 34, na bosi akanipiga mara kadhaa nikaendelea kusimama. Sikumuua. Sekunde 90 zilipokwisha alikuwa bado na uhai kidogo, nami sikujua kwamba kubaki hai mpaka muda uishe kunatosha kuhesabiwa ushindi, hivyo nilikaa nikiitazama skrini mpaka neno la ushindi lilipotokea.

Binti Makunduchi, ile Glass Cannon ilitokea dukani kabla ya wimbi la 12. Wakati huo nilikuwa na deraya 7, nikaiacha.