Dogo anapiga na kurusha vizuri, kocha anataka achague kimoja. Kuna wa kwetu aliyefanya yote akadumu?

Mjomba wa Upanga
Wakuu habari zenu. Nina mpwa wangu ana miaka 14 anacheza kriketi shuleni hapa Dar, anarusha mpira kwa kasi na akishika gongo anapiga kweli. Sasa kocha wao anamwambia aachane na kimoja maana ukishika viwili utaishia kuwa wa kawaida kwenye vyote. Dogo kanyong'onyea. Nauliza, Afrika Mashariki kuna mtu aliwahi kuwa ol-raunda wa kweli, yaani wa kurusha na kupiga pia, na akafika mbali?

Kibe wa Parklands
Ndugu, mwambie dogo atafute mechi za Thomas Odoyo wa Kenya. Huyo alianza Kombe la Dunia la kriketi 1996 akiwa na miaka 17 tu, na pale Pune, India, tulipowalaza West Indies yeye na Hitesh Modi ndio walisukuma mikimbio (ndio pointi za kriketi) huku chini, kwa wapigaji wa mwisho, wakati timu imeshapukutika, tukafika 166, halafu West Indies wote wakatoka kwa 93! Hebu fikiria bila ile mikimbio ya chini tungekuwa tunalinda nini. Baada ya hapo akacheza Kombe la Dunia 1999, 2003, 2007 na 2011, yaani matano, na kazi ni ileile, anafungua na mpira mpya halafu baadaye anavaa pedi anaingia kupiga. Kwenye mechi za kimataifa za ova 50 (ova moja ni mirusho sita) alimaliza na mikimbio zaidi ya 2,400 na wiketi zaidi ya 140, yaani wapigaji aliowatoa, na ndiye wa kwanza kutoka nchi isiyocheza Test, zile mechi za siku tano za mataifa makubwa, kufikisha wiketi 100. Mwaka 2007 ICC, shirikisho la kriketi duniani, walipoanza tuzo ya mchezaji bora wa nchi wanachama washiriki, zile zisizocheza Test, wa kwanza kuichukua alikuwa yeye. Inaniuma sana kwamba vijana wa Nairobi wanamjua kila winga wa Uingereza ila Odoyo hawamjui.

Msomali wa Eastleigh
Kibe umenena, ila usimsahau Maurice Odumbe. Siku ile ya Pune yeye ndiye alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15, na 2003 dhidi ya Bangladesh akachukua 4 kisha akapiga 52 bila kutoka. Kwa siku kubwa mimi namweka juu ya Odoyo. Kilichoharibu ni ile adhabu ya miaka mitano ya 2004 kwa kuhusiana na bukimeka (mtu wa kamari), ikamkata akiwa bado ana mpira. Kwa hiyo kama swali ni nani alidumu, sawa, ni Odoyo.

Kocha wa mitaani, Mombasa
Mjomba, niongeze upande wa kazi yenyewe. Kwenye ova 50 mrushaji mmoja mwisho wake ni ova 10, kwa hiyo kepteni lazima awe na warushaji angalau watano. Ukiwa na mmoja anayerusha ova zake zote na bado anakupigia akiingia wa sita au wa saba, umepata nafasi ya mpigaji mwingine kwenye timu, ndio maana timu ndogo isiyo na wachezaji wengi kama Kenya ile ya 2003 ilifika nusu fainali kule Durban, Odoyo, Odumbe, Steve Tikolo, Collins Obuya, wote walikuwa wanafanya zaidi ya kitu kimoja. Hapo kocha wa dogo simuungi mkono kabisa, miaka 14 ni mapema mno kumkatia mtoto nusu ya mchezo wake. Ila kitu kimoja awe mkali nacho: mgongo. Mtoto anayerusha kwa kasi kila siku huku mifupa bado inakua anaweza kupasua mfupa wa kiuno, na huyo ndio basi msimu mzima. Apunguziwe ova mazoezini, apewe siku za kupumzika, upande wa kupiga aendelee kama kawaida.

Mjomba wa Upanga
Asanteni sana wakuu. Kocha wa Mombasa, kwa wiki arushe siku ngapi?

Kocha wa mitaani, Mombasa
Siku tatu zatosha, na asirushe siku mbili mfululizo. Akilalamika mgongo hata kidogo asimame, apelekwe kwa daktari kwanza.