Programu ya mitihani ya nyuma: wanafunzi wanaifungua mara moja, kisha wanaifuta

mchora_skrini
Habari wakuu. Nina programu ya Android yenye mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya kidato cha nne. Unachagua somo, unachagua mwaka, PDF inapakuliwa. Mafaili ni ya skani, MB 12 hadi 20. Wengi wanaishia hapo kwenye kupakua. Nimebadilisha rangi na menyu, hali ni ileile. Nianzie wapi kuisuka upya?

waya_mwekundu
Rangi ziache kwanza mkuu, mzigo uko kwenye faili. MB 20 zinamla bando mwanafunzi kabla hajaona hata swali moja. Skani kubwa hivyo kwa kawaida ni picha za rangi kamili. Zigeuze nyeusi na nyeupe tupu, dpi 200 (nukta kwa inchi), mgandamizo wa CCITT G4 (njia ya kubana picha za nyeusi na nyeupe). Karatasi ya kurasa 8 itakaa chini ya MB 1. Angalizo: usifanye hivyo kwa ramani na picha za Jiografia, maana vivuli vitageuka madoa meusi na swali halitajibika. Hizo ziache rangi ya kijivu.

Na mtandao ukikatika kwenye MB 11 kati ya 12, inaendelea au inaanza sifuri?

mchora_skrini
Inaanza sifuri.

waya_mwekundu
Basi wengi unawapotezea hapo. Hifadhi kipande kilichokwisha kushuka, kisha omba seva iendelee kuanzia baiti iliyofuata. Kwenye kitufe andika ukubwa: “Pakua, KB 700”.

chaki_na_ubao
Naongezea upande wa matumizi. Mwanafunzi aliyekwama kwenye vekta hatafuti mwaka, anatafuta maswali yote ya vekta. Kata karatasi swali kwa swali, kila moja na somo, mada, mwaka na namba. Karatasi ya Hisabati ya maswali 14, kwa miaka 5, ni maswali 70 tu. Inafanyika kwa mkono. Ila lebo ya mada iweke kwenye kipengele, si kwenye swali zima, kwa sababu mara nyingi (a) ni mada moja na (b) ni nyingine. Ukikosea hapo, utafutaji wote unaharibika. Majina ya mada chukua kwenye muhtasari wa somo wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), usitunge yako.

Jibu lifichwe mpaka aliombe, tena lifunguke hatua kwa hatua. Vitufe visipungue dp 48, maandishi sp 16 (dp na sp ni vipimo vya Android vya ukubwa wa vitu na maandishi kwenye skrini).

Kabla ya kuandika msimbo, chora skrini kwenye karatasi, uwape wanafunzi watano kazi moja: “Tafuta swali la vekta, uone jibu lake.” Usiwaelekeze. Andika kila mmoja amegusa wapi kwanza. Ukiwauliza kama wameipenda watakwambia nzuri, na hutajifunza kitu.

mchora_skrini
Asanteni sana. Naanza na Hisabati peke yake, masomo mengine yasubiri.