MJADALA: Je, msimamizi ana haki ya jina lake kuwemo kwenye makala ya mwanafunzi?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila matusi, maana najua humu wamo wanafunzi na wamo wasimamizi.

Nimemaliza tasnifu ya uzamili kuhusu madini yaliyomo kwenye maji ya visima. Miezi 14 nimebeba chupa za sampuli, nimeosha vyombo vya maabara, nimepima, nimerudia kupima. Msimamizi wangu tulionana mara sita, nimehesabu. Sasa naigeuza tasnifu kuwa makala ya jarida. Kurasa 90 zimebaki 12, na kazi hiyo peke yake hakuna aliyewahi kunionya juu yake: unakata sura nzima ya mapitio ya maandiko uliyoisotea muhula mzima, inabaki aya mbili.

Nikampelekea rasimu. Imerudi baada ya siku mbili na koma tatu zilizoongezwa, na badiliko moja juu kabisa: jina lake, mbele ya langu.

Msimamo wangu: msimamizi analipwa mshahara kusimamia. Uandishi ni wa aliyeandika. Mwisho wa makala kuna sehemu ya shukrani, na humo nitamtaja kwa moyo mweupe. Cheo si kalamu. Mnasemaje?

Kalamu Nyekundu:
Naunga mkono hoja kwa mikono miwili. Haya hayakuanza jana. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu pale Cambridge, aliona alama ndogo ya ajabu kwenye karatasi ndefu zilizochorwa na darubini ya redio. Ikawa ndio ugunduzi wa pulsa, nyota zinazotuma mawimbi ya redio kwa mapigo ya mpangilio. Makala ilitoka kwenye jarida la *Nature* Februari 1968: msimamizi wake, Antony Hewish, jina la kwanza, yeye la pili kati ya watano. Tuzo ya Nobel ya 1974 wakapewa Hewish na Martin Ryle. Mwanafunzi hola. Sasa mleta mada anaambiwa akae nyuma, na sisi tumwambie avumilie?

Msimamizi Mstaafu:
Vijana wangu, nimesimamia wanafunzi miaka mingi, na nimekosea pia, kwa hiyo sisemi kama malaika.

Kwanza, huyo Bell mwenyewe baadaye alisema hakuona kinyongo, na kwamba mwenye dhamana ya mradi ndiye anayebeba lawama na sifa. Unaweza usikubaliane naye (mimi sikubaliani naye sana), lakini usimtumie kama shahidi kabla ya kumsikiliza.

Pili, mleta mada, mara sita ulizohesabu ni za kuonana. Nakuuliza: swali la utafiti lilitoka wapi? Ulikuja nalo au ulipewa? Nani alikwambia usipime visima vyote siku moja? Ukijibu kwamba yote ni yako, nitanyamaza. Wanafunzi wengi husahau haya kwa sababu ushauri mzuri ukishaingia kwenye kazi, baada ya miezi miwili unauona kama wazo lako. Si wizi, ndivyo akili ilivyo.

Tatu, mfano ninaoupenda ni wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ungali moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, aliulizwa swali lile mbele ya watu. Angeweza kucheka na wengine, lakini akaenda kulipima. Makala ilichapishwa 1969 ikiwa na majina mawili: Mpemba kwanza, Osborne wa pili. Msimamizi kuwemo, sawa. Msimamizi kukaa mbele kwa koma tatu, hapo kijana wangu tuko pamoja: nakataa.

Mwanahisabati:
Fani zenu zina mambo. Kwetu majina hupangwa kwa alfabeti, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na wasimamizi wengi hawaweki kabisa majina yao kwenye kazi ya mwanafunzi. Nendeni salama.

Msomaji wa Majarida:
Mwanahisabati, usiwakimbie wenzio. Kwenye sayansi za viumbe na tiba hata jina la mwisho ni kiti cha heshima. Huwa la mkuu wa maabara. Kwa hiyo mleta mada aanze kwa kujua desturi ya fani yake kabla ya kugomba.

Majarida mengi ya tiba, na mengine nje ya tiba, hufuata masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri, ICMJE. Mwandishi awe amechangia kwa uzito kubuni utafiti, au kukusanya data, au kuichambua. Awe ameandika rasimu au ameihakiki kwa kina. Awe ameidhinisha nakala ya mwisho. Na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne, si mojawapo. Kutafuta ruzuku peke yake hakutoshi. Kusimamia kwa jumla peke yake hakutoshi. Hapo mleta mada unashangilia, najua.

Punguza. Masharti hayohayo yanasema aliyechangia kwa uzito kwenye sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kuidhinisha. Huwezi kumfungia mtu nje ya rasimu halafu ukadai hakushiriki. Na kumficha anayestahili jina ni kosa kama lilivyo kosa la kumpachika asiyestahili.

Asiyelala:
Tucheke kidogo. Mwaka 1975 mwanafizikia wa Marekani, Jack Hetherington, aliandika makala peke yake lakini akatumia "sisi" mwanzo mwisho. Akaambiwa jarida litamrudishia, maana mwandishi mmoja hawezi kuwa "sisi". Enzi za taipu, kurekebisha ni kuchapa upya yote. Akamwongeza mwandishi wa pili: F. D. C. Willard. Huyo Willard alikuwa paka wake. Na makala ikachapishwa! Kwa hiyo msimamizi wako ana washindani.

Mleta mada:
Nimecheka, ila paka angalau hakutaka jina la kwanza.

Mzee Msimamizi Mstaafu, shikamoo. Umenibana, nami nitajibu kwa haki. Swali la utafiti nilipewa. Na kuna siku aliniambia nibebe chupa za maji safi yaliyochujwa, nizitembeze njia nzima kama sampuli za visima, kisha nizipime. Niliona ni usumbufu. Ndizo zilizoonyesha kwamba madini fulani yalikuwa yanatoka kwenye vifuniko vya chupa zangu. Bila hilo, nusu ya majedwali ingekuwa uongo. Kwa hiyo la kutomwandika kabisa naliondoa. La jina la kwanza silitoi.

Kalamu Nyekundu:
Umelegea mapema sana, mkuu.

Mtakwimu:
Nimesoma yote, na naona mnagombea nani akae wapi kwenye kiti ambacho mguu wake hamjaukagua. Mleta mada, sharti la nne lililotajwa hapo juu ni kuwajibika. Makala ikitoka, msomaji mmoja atauliza namba fulani imepatikanaje. Swali langu ni dogo: ukiacha wewe, nani amewahi kufungua faili la data ghafi? Si majedwali ya kwenye tasnifu. Data ghafi.

Mleta mada:
Hakuna.

Mtakwimu:
Basi makala yako bado ina mwandishi mmoja, na huyo mmoja hana wa kumkosoa. Mpelekee faili. Mwambie wazi: akilipitia na kuwa tayari kulitetea, jina lake lipo, nafasi ya pili au ya mwisho kwa desturi ya fani yenu. Akikataa kulifungua, jibu la mada yako umelipata bila sisi.

Msimamizi Mstaafu:
Naongezea: mwandikie kwa adabu, na uandike. Maneno ya mdomoni ofisini husahaulika, hasa na sisi wazee.

Mleta mada:
Mrejesho, wakuu. Nilituma juzi, faili na barua fupi kama mlivyonielekeza. Leo asubuhi amejibu. Kuhusu majina hajasema neno. Ameandika hivi tu: "Safu ya saba, kuanzia kisima cha 22, ni miligramu au mikrogramu?"

Nafungua daftari la maabara. Nitarudi.