Mwalimu wa darasa la kwanza Kigoma: awe mwenyeji, au yeyote tu?

Mleta mada, Kasulu

Wakuu, hili limenikaa rohoni tangu shule zifunguliwe.

Mwanangu wa mwisho ameanza darasa la kwanza. Nyumbani tunaongea Kiha. Kiswahili anakisikia redioni na sokoni. Siku ya kwanza alimsalimia mwalimu wake kama bibi yake alivyomfundisha: akainama kidogo, akapiga makofi taratibu. Mwalimu, binti aliyetoka mkoa wa mbali, akadhani anachezewa, akamsimamisha mbele ya darasa. Nilipokwenda kuongea naye alishtuka, akaomba radhi mpaka kwa mtoto mwenyewe. Si mtu mbaya. Lakini mtoto hadi leo akifika shuleni hasalimii mtu.

Hoja yangu ni hii. Kwamba shule ya msingi inafundishwa kwa Kiswahili, sina ugomvi nalo. Ila walimu wa awali mpaka la pili, wale wa kusoma, kuandika na kuhesabu, huku Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko wapangwe wenyeji wanaojua Kiha. Kuanzia la tatu tuleteeni hata Mmakonde.

Na kuna jingine. Mwalimu anamwita mtoto "wewe Mrundi" akidhani anatania. Hapa mpakani neno hilo halina utani. Kuna watu wazima wameshatakiwa waeleze babu zao walizaliwa wapi ndipo waaminike kuwa ni Watanzania. Mtoto akilisikia darasani, analala nalo.

Karibuni. Matusi sitaki.

Mwalimu, Manyovu

Mimi ndiye huyo mgeni, ingawa si yule wa mwanao. Mpare wa Same, mwaka wa saba huku, baridi ya Manyovu nimeshaizoea.

Nikupe la darasani. Darasa la pili tuna mikondo miwili, mmoja wangu, mwingine wa mwenzangu ambaye ni Muha. Kwenye imla mtoto anaandika "kura" akimaanisha kula, "narara" akimaanisha nalala. Mimi kosa hilo naliona papo hapo. Mwenzangu, ambaye ni mwalimu mzuri kuliko mimi, linampita, kwa sababu hata mdomoni mwake r na l zinapishana. Utasema basi mgeni ni bora? Subiri. Miaka yangu miwili ya kwanza nilikuwa naweka mkasi mwekundu tu, daftari linageuka damu, na mtoto hajui alichokosea. Nilidhani ni uzembe. Mwenzangu ndiye aliyenikalisha chini akanieleza kwamba sikio la mtoto wa Kiha halijawahi kuhitaji kuzitenga sauti hizo mbili. Tangu hapo tunabadilishana madaftari: mimi nasahihisha imla ya mkondo wake, yeye ananieleza makosa ya mkondo wangu.

Na ujuzi wa nusunusu nao ni hatari. Nilishajifunza kwamba Bukuru na Toyi ni mapacha, kama Kulwa na Doto kwa Wanyamwezi. Siku naita mahudhurio nikakutana na Bukuru, nikamuuliza kwa furaha kabisa, "Toyi yuko wapi?" Darasa likanyamaza. Toyi alikuwa amefariki. Mwenyeji asingeuliza swali lile mbele za watu.

Mama wa wanne, Kibondo

Wenyeji mnawasifia kupita kiasi. Shule moja huku kwetu binti wa la saba alianza kuposwa. Walimu wenyeji walijua, mmoja alishakula kwenye kikao cha mahari. Aliyempigia mtendaji simu ni mwalimu wa kuja. Ameitwa majina yote, lakini binti amefanya mtihani. Sheria ipo, tangu ilivyorekebishwa mwaka 2016 kumuoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Ila sheria inamtaka mtu ambaye hana shemeji kwenye kesi.

Halafu mwalimu akiwa baba mdogo wa nusu ya darasa, mimi nisiye na ukoo pale nitamlalamikia nani?

Kijana wa Kakonko

Mnabishania kabila wakati nyumba ya mwalimu haina mlango. Mwenyeji anabaki kwa sababu ana kwao pa kulala. Mgeni wiki ya pili anatafuta wa kubadilishana naye kituo. Nimemaliza.

Mwalimu mstaafu, Ujiji

Nawasalimu wanangu. Mnaposema "mwenyeji" mnamsema nani? Mimi Mmanyema, wazee wangu walivuka ziwa enzi za misafara. Ujiji yetu Kiswahili ni cha jikoni, si cha shuleni. Ukiniletea mwalimu wa Kasulu kwa sababu ya Kiha chake, kwetu ni mgeni sawa na huyo Mpare. Shuka na ziwa mpaka kwa Watongwe na Wabembe, utawaambia nini?

Enzi zetu tatizo halikuwa lugha, lilikuwa dini. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu alihofia mwanawe atarudi na jina jingine. Zilipotaifishwa kwa sheria ya mwaka 1969 ndipo wengi wetu tukapumua. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa Mkatoliki, rozari mfukoni. Ijumaa alikuwa anafupisha kipindi chake ili tuwahi msikitini, na hakuna aliyemwomba. Wakati huohuo Mwislamu mwenzetu aliyekuwa mwalimu wa zamu alituchapa kwa kuchelewa kurudi. Sasa hapo nipangieni kwa utambulisho.

Mwalimu wa Historia, Tabora

Huku kwetu tunajidanganya kwamba hatuna shida hiyo, eti sote Wanyamwezi. Mimi wa Urambo. Nikifika kwa Mtemi Mirambo sauti inapanda yenyewe, chaki inavunjika. Siku moja mwanafunzi ambaye kwao ni Kwihara akanyoosha mkono: "Mwalimu, bibi anasema huyo ndiye alituchomea nyumba." Na kweli, mwaka 1871 Mirambo aliivamia Tabora na sehemu yake ikaungua. Njia ya misafara ikafungwa, hata Stanley ikabidi azungukie kusini ndipo amfikie Livingstone huko kwenu Ujiji. Kwa watu wa Unyanyembe, yaani hapa Tabora na Kwihara, shujaa ni mtemi wao Isike, aliyewasha baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 Wajerumani wasimpate hai.

Kabila moja, lugha moja, na bado nilikuwa nafundisha ukoo wangu. Mirambo sijaacha kumpenda. Siku hizi naanza kipindi kwa kusema, "Mimi ni wa Urambo, mnisikilize mkilijua hilo."

Ila msisahau Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alifundisha hapa Tabora, St. Mary's, kuanzia 1946. Angepangiwa kwao tu, vijana wa huku wangemkosa.

Mleta mada, Kasulu

Nimesoma zote. Mzee wangu wa Ujiji, shikamoo, umenifunga. Nilisema Kigoma macho yakiwa Kasulu tu. Mama wa Kibondo sina jibu lako, na sitajifanya ninalo.

Lakini ndugu yangu wa Tabora, Nyerere umemleta mahali si pake. Wale walikuwa vijana wa sekondari. Mwanafunzi wako wa Kwihara aliweza kunyoosha mkono akakubishia. Mwanangu ana miaka sita na hana Kiswahili cha kubishana. Hapo ndipo sirudi nyuma. Napunguza dai: si lazima wote wawe wenyeji, ila kila shule ya kijijini iwe na angalau mmoja, awali mpaka la pili, anayejua lugha wanayoamka nayo watoto wa pale. Na mgeni akipangwa akae darasani kwa huyo mwenyeji muhula mmoja kwanza kabla ya kuachiwa watoto.

Mwalimu wa Manyovu, hayo madaftari mnabadilishana siku gani? Nataka nimweleze mwalimu wa mwanangu.

Mwalimu, Manyovu

Alhamisi, baada ya kipindi cha mwisho. Mwambie aanze na imla ya maneno kumi, yasizidi, atachoka. Kuhusu makofi sina ratiba. Hayo amuulize mtoto amfundishe.