Kupumzisha wachezaji mechi ya kombe: tubadilishe wangapi?

Benchi_Ngamiani: Wadau, naomba ushauri. Timu ya mtaa hapa Ngamiani, Tanga, ina ligi Jumatano saa 10 jioni na kombe, la mtoano, Jumamosi saa hiyo hiyo. Kikosi watu 20, wa kwanza wote miguu mizito. Benchi linataka kubadilisha wanane siku ya kombe. Mashabiki wamechachamaa. Tufanyeje?

Kocha_Chumbageni: Mkuu, wanane wengi mno. Kinachoua timu ni kuvunja pea. Mabeki wa kati wakiwa wapya wote wawili, krosi ya kwanza tu wanatazamana, hakuna anayejua nani apande na nani abaki. Badilisha wanne, ikizidi watano: beki wa pembeni mmoja, kiungo mmoja, winga mmoja, straika. Kila pea ibaki na mzoefu. Kipa mwache, uchovu wake si wa mbio.

Halafu chagueni kwa dakika, msiangalie jina. Shikeni daftari, andikeni dakika za kila mmoja mechi tatu za mwisho. Mwenye dakika 270 na anacheza pembeni ndiye wa kwanza kukaa, maana mbio za kasi ndizo zinazochana nyama za paja.

Tiba_Makorora: Jumatano saa 10 hadi Jumamosi saa 10 ni saa 72. Wengi wanarudi sawa mkiwatunza. Wapeni chakula ndani ya saa moja baada ya mechi: wali maharage, ndizi mbivu, maziwa. Na joto la Tanga linakamua mtu, kwa hiyo wapimeni uzito kabla na baada. Kilo moja iliyopungua irudishwe kwa lita moja na nusu ya maji, kidogo kidogo, na chakula chenye chumvi. Alhamisi waliomaliza dakika 90 wakimbie taratibu dakika 20, basi. Waliokaa benchi ndio wapewe zoezi kali siku hiyo, la sivyo Jumamosi pumzi inakata dakika ya 60. Kumpumzisha mtu mechi kisha kumkimbiza mazoezini ni kazi bure.

Shabiki_Mkwakwani: Mimi napinga. Pumzisheni kwenye ligi! Pointi 3 zikipotea zinatafutwa wiki ijayo, kombe ukitolewa umetolewa. Coastal Union ya hapa Tanga mwaka 2022 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, wakatoka 3-3 na Yanga iliyokuwa imemaliza ligi bila kufungwa. Sopu wa Coastal alifunga yote matatu. Wakashindwa kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, lakini Tanga nzima ilisimama. Siku kama ile haiji kwa kikosi cha majaribio. Kama lazima mpumzishe, tuambieni tangu Ijumaa nani anakaa na kwa nini. Kinachouma ni kulipa kiingilio halafu unakuta sura ngeni uwanjani.

Benchi_Ngamiani: Nimekuelewa, kaka. Tukienda na wanne, sabu 5, yaani wachezaji wa akiba, tuziingizeje?

Kocha_Chumbageni: Mnaruhusiwa kusimamisha mchezo mara tatu tu kwa ajili ya sabu, mapumziko hayahesabiwi. Kwa hiyo wa kwanza wawili waingie mapumziko. Nafasi moja itunzeni hadi dakika za mwisho: anayepiga matuta ni yule aliyemo uwanjani filimbi ikilia, na mpigaji wenu mzuri akiwa bado kwenye benchi hamna namna ya kumwingiza.