Mrejesho: mume aliyekuwa akigeukia ukutani

Wapendwa, mwezi uliopita niliwaeleza jinsi mume wangu anavyogeukia ukutani na simu yake tukishamaliza tendo la ndoa, nikabaki mpweke. Asanteni mno kwa ushauri wenu.

Nilifuata ushauri wa dada mmoja kati yenu aliyesema nisilalamike kitandani, niongee mchana. Nikamwambia mume wangu Jumapili kwenye pantoni, tukitoka Kigamboni. Alinyamaza. Kisha akanishika mkono, hakuuachia mpaka tunashuka Magogoni.

Sasa simu zinalala mezani, ananikumbatia, tunapiga stori kama dakika 10. Kuoga pamoja mlikonishauri kumeshindikana, bafu tunachangia na wapangaji wenzetu. Na akitoka shifti ya usiku bado anasinzia papo hapo, naumia kidogo, ila mkono wake siku hizi unabaki mgongoni kwangu.