Mrejesho: programu za TI-84 Plus zimenusurika

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuzinusuru programu nilizoandika kwenye kikokotoo changu cha TI-84 Plus, kwa kuwa msimamizi angefuta kumbukumbu yake kabla ya mtihani. Nawashukuru kwa dhati mlionishauri nizihamishie kwenye hifadhi ya kudumu kwa amri ya Archive, kwani RAM (kumbukumbu ya muda ya kikokotoo) ilipofutwa, programu zote zilizokuwa na alama ya nyota kando ya majina yake, yaani zilizohamishiwa hifadhini, zilibaki salama, nami nikazirudisha kwenye RAM kwa amri ya UnArchive zikafanya kazi kama kawaida. Thamani za vigeu X na T zilipotea, maana hizo hazihifadhiki kwa njia hiyo. Anayehofia kufutiwa kumbukumbu yote, hifadhi ikiwemo, anakili kwanza programu zake kwenye kompyuta kwa TI Connect, programu ya kompyuta ya kuunganishia kikokotoo, kama mlivyosisitiza.